Universal Credit, watoto wawili na digrii ya uuguzi Uingereza: pesa inatoka wapi na inakatwa wapi

Swali: "Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, naishi Leicester. Nalea watoto wawili peke yangu, mdogo ana miaka mitatu na mkubwa saba. Nina makazi ya kudumu tangu 2021. Kwa sasa sifanyi kazi, naishi kwa Universal Credit, na kodi ya nyumba ni pauni 600 kwa mwezi. Nimepata nafasi ya kusomea digrii ya uuguzi wa afya ya akili kuanzia Septemba. Nikianza chuo, benefiti zitakatwa zote? Halafu huo mkopo una riba. Nitaishi vipi na hawa watoto?"

Dada, hongera kwa nafasi hiyo. Nianze na jibu lenyewe: hapana, hazitakatwa zote. Mwanafunzi wa kutwa kwa kawaida haruhusiwi kupokea Universal Credit (UC, msaada wa serikali wa kila mwezi kwa wenye kipato kidogo), lakini mzazi anayelea mtoto peke yake ni miongoni mwa wanaoruhusiwa. UC yako itapungua wakati wa muhula, na juu yake utaingiza fedha nyingine ambazo leo huna. Ukizijumlisha za mwaka mzima, utakuwa na pesa zaidi kuliko sasa.

Kinachowaangusha wanafunzi wazazi mara nyingi si jumla ya mwaka. Ni kwamba mkopo unaingia mara tatu kwa mwaka ilhali kodi inadaiwa kila mwezi, na kwamba ofisi inaweza kuhesabu kama kipato pesa ambayo sheria inasema isihesabiwe. Kwa hiyo nitakupa jina la kila fungu kama lilivyoandikwa kwenye barua zao, kwa sababu jina ndilo linaloamua kama UC italigusa. Takwimu zote hapa ni za England, mwaka wa masomo 2025/26, na nyingi hupandishwa kidogo kila mwaka, basi linganisha na barua yako.

Mafungu ya Student Finance England

Hili ni shirika la serikali linalotoa mikopo na ruzuku za wanafunzi. Unaomba mara moja, mtandaoni, na maombi hufunguliwa miezi kadhaa kabla ya Septemba. Usisubiri. Faili ya mzazi huchukua muda kwa sababu wanataka ushahidi wa watoto na wa kipato. Kwa kuwa unalea mtoto wa chini ya miaka 18, unahesabiwa kuwa mwanafunzi anayejitegemea, kwa hiyo kipato cha wazazi wako hakiulizwi. Na kwa kuwa unaishi nyumba yako na watoto wako, unaingia kwenye kundi la wanaoishi nje ya nyumba ya wazazi, ambalo lina kiwango kikubwa cha mkopo.

La kwanza ni mkopo wa ada, pauni 9,535 kwa mwaka. Huu unakwenda moja kwa moja chuoni, huuoni mkononi, na UC haiuhesabu.

La pili ni mkopo wa kujikimu, na hapa fungua macho. Mwanafunzi wa kawaida anayeishi nje ya nyumba ya wazazi na nje ya London hupata hadi pauni 10,544. Wewe, kwa kuwa una haki ya benefiti, unapewa kiwango cha juu zaidi, na mkopo wako umegawanywa sehemu mbili: sehemu ya kawaida, na sehemu inayoitwa special support, ambayo ni pauni elfu nne na kitu. Sehemu hiyo ya pili ni ya vitabu, nauli na vifaa, na UC haitakiwi kuigusa kabisa. Kwenye fomu ya maombi kuna maswali kuhusu benefiti na kulea mtoto peke yako. Ukiyaruka, unapewa mkopo wa kawaida usiogawanywa, na UC itauhesabu wote. Kosa hilo dogo linaweza kukugharimu mamia ya pauni kwa mwezi.

La tatu ni Parents' Learning Allowance, hadi pauni 2,024 kwa mwaka. Hailipwi tena, wala UC haiihesabu. Inategemea kipato cha nyumba, na kwa hali uliyoieleza unatarajiwa kupata kiwango kamili au karibu yake.

La nne ni Childcare Grant, ambayo hulipa asilimia 85 ya gharama za kulea watoto, mwisho pauni 199.62 kwa wiki kwa mtoto mmoja au pauni 342.24 kwa wawili na zaidi. Nayo hailipwi tena. Nitairudia chini, kwani ina masharti yanayowanasa wengi.

Mafungu ya NHS

NHS ni huduma ya afya ya taifa, na mafungu yake yanaombwa kwingine kabisa: NHS Business Services Authority, kupitia mfuko unaoitwa NHS Learning Support Fund. Wapo wanaomaliza mwaka wa kwanza bila kujua kwamba hayaji yenyewe.

Training Grant ni pauni 5,000 kwa mwaka, na hulipwa kwa awamu tatu. Uuguzi wa afya ya akili uko kwenye orodha ya fani zenye uhaba, basi unaongezewa pauni 1,000 kila mwaka. Parental Support ni pauni 2,000 kwa mwaka kwa mzazi mwenye angalau mtoto mmoja wa chini ya miaka 15, au chini ya 17 kama mtoto ana mahitaji maalumu ya elimu. Ni 2,000 kwa mzazi, si kwa kila mtoto. Yote haya ni ruzuku, na unaweza kuyapata pamoja na yale ya Student Finance.

Unafungua akaunti kwao, unapakia barua ya Student Finance inayoonyesha unachostahili, vyeti vya kuzaliwa vya watoto au barua ya Child Benefit (posho ya serikali ya watoto), kisha chuo kinathibitisha kwamba umeanza masomo. Pesa haitoki kabla ya uthibitisho huo. Kwa hiyo usipange kodi ya Septemba au Oktoba kwa fedha za NHS, na kila mwaka uombe upya. Ukiacha kozi katikati ya mwaka watadai sehemu ya ulichokwisha kupokea.

Jinsi UC inavyopiga hesabu

Sasa ndio penyewe. UC inachukua sehemu ya kawaida ya mkopo wa kujikimu, inaigawanya kwa idadi ya vipindi vya tathmini vilivyomo katika mwaka wa masomo, inaondoa pauni 110 kila kipindi, na kinachobaki inakikata kwenye malipo yako pauni kwa pauni. Kipindi cha tathmini ni ule mwezi wako wa UC, mathalani kuanzia tarehe 10 hadi tarehe 9 ya mwezi unaofuata.

Tuchukue mfano. Useme barua yako inaonyesha sehemu ya kawaida ni pauni 7,500 (weka namba yako hapo). Chuo kinaanza tarehe 22 Septemba na mwaka unaisha tarehe 26 Juni. Kipindi cha kwanza kinachohesabiwa ni kile chenye siku ya kuanza masomo, yaani 10 Septemba hadi 9 Oktoba. Kile chenye wiki ya mwisho ya masomo, 10 Juni hadi 9 Julai, hakihesabiwi. Kwa hiyo una vipindi tisa. Pauni 7,500 ukigawanya kwa 9 ni 833.33, toa 110, inabaki 723.33. Hiyo ndiyo itakayokatwa kila mwezi kwa miezi tisa.

Kwa viwango vya 2025/26 UC yako, kwa mtu wa miaka 25 na kuendelea, inakaa hivi: pauni 400.14 zako mwenyewe, pauni 292.81 kwa kila mtoto, na kodi 600. Jumla 1,585.76. Wakati wa muhula itashuka hadi pauni 862.43, na kiangazi itarudi palepale. Kwa mwaka unapoteza kama pauni 6,510. Upande wa pili unaingiza 7,500 za mkopo, elfu nne na kitu za special support, 5,000 na 1,000 na 2,000 za NHS, na hadi 2,024 za Parents' Learning Allowance. Hiyo ni zaidi ya pauni 21,000, mbali na Childcare Grant. Child Benefit, pauni 26.05 kwa wiki kwa mtoto wa kwanza na 17.25 kwa wa pili, haiguswi.

Kuhusu ruzuku za NHS: anayepata mkopo wa wanafunzi, UC huangalia mkopo na kuiacha ruzuku, isipokuwa kile kilichotolewa mahsusi kwa kodi ya nyumba au kwa kumtunza mtu ambaye tayari yumo kwenye madai yako ya UC. Training Grant na ile 1,000 ya fani haziingii huko. Parental Support inatolewa kwa sababu ya watoto, kwa hiyo ninakushauri upange bajeti kana kwamba itahesabiwa. Ukiigawanya kwa vipindi tisa ni kama pauni 222 kwa mwezi. Wasipoikata, umejiwekea akiba.

Likizo ya kiangazi, uuguzi nao

Hapa wauguzi wanatofautiana na wanafunzi wengine. Sheria inaita likizo ndefu ile isiyopungua mwezi mmoja. Kozi za uuguzi zina saa nyingi za wodini, 2,300 kwa kozi nzima kwa kanuni za baraza la wauguzi, NMC, kwa hiyo vyuo vingine hutoa wiki tatu tu za kiangazi. Kama chako ni hivyo, hakuna miezi ya kurudishiwa UC kamili. Mkopo unagawanywa kwa vipindi kumi na viwili: 7,500 kwa 12 ni 625, toa 110, inakatwa 515 kila mwezi mwaka mzima. Ukijumlisha, makato ya mwaka ni pauni 6,180, kidogo pungufu ya mfano wa kwanza, kwa kuwa unaondolewa ile 110 mara kumi na mbili. Si hasara, ila ukisubiri Julai ya neema isiyokuja utaumia. Iombe kalenda ya mwaka wa kwanza chuoni kabla hujajiandikisha, uitume UC pamoja na barua zako.

Katika vipindi ambavyo mkopo unahesabiwa, hutakiwi kutafuta kazi. Likizo ndefu ikifika, masharti yanarudi kwa kufuata umri wa mtoto mdogo. Mtoto wa miaka 3 hadi 12 humaanisha unaweza kutakiwa kutafuta kazi ya hadi saa 30 kwa wiki. Mweleze ofisa wako mapema tarehe za kurudi chuoni.

Namna ya kutoa taarifa

Usifungue madai mapya. Unaripoti tu mabadiliko ya hali, siku unapoanza masomo. Kwenye shajara yako ya UC mtandaoni, ile mnayoandikiana na ofisa, pakia barua ya Student Finance yenye mchanganuo, si ile ya jumla, pamoja na barua ya chuo yenye tarehe za mwanzo na mwisho wa mwaka. Kisha andika maneno machache yasiyo na utata, kama haya: "Mkopo wangu wa kujikimu una sehemu ya special support ya pauni kadhaa ambayo haihesabiwi. Parents' Learning Allowance na Childcare Grant hazihesabiwi. Naomba mnieleze mmetumia vipindi vingapi." Utaiandika kwa Kiingereza, bila shaka, na majina ya mafungu uyaache kama yalivyo kwenye barua.

Taarifa ya malipo ya kwanza baada ya Septemba uisome mstari kwa mstari. Tafuta mstari wa kipato cha mwanafunzi. Kama kilichokatwa ni zaidi ya hesabu yako, kuna uwezekano mkubwa wa moja kati ya haya: wamehesabu mkopo wote pamoja na special support, wameongeza Parents' Learning Allowance, wamesahau ile 110, au wamegawanya kwa vipindi pungufu. Uliza kwenye shajara kwanza. Wasiporekebisha, omba rasmi uamuzi uangaliwe upya ndani ya mwezi mmoja tangu siku ya uamuzi. Hilo lisipokuridhisha, unakwenda mahakama ya rufaa ya benefiti, na kukata rufaa ni bure. Mshauri wa fedha wa chuo au Citizens Advice, shirika la ushauri wa bure, atakusaidia kuandika ombi hilo bila malipo.

Wapo pia wanaofurahi wakiona hawajakatwa kitu, wakanyamaza. Tafadhali, usifanye hivyo. Malipo ya ziada ya UC hudaiwa hata kama kosa ni la ofisi, na deni la miezi minane likikuangukia mwaka wa pili ndipo watu wanapoacha kozi.

Tahadhari nyingine ndogo: ukiwa na akiba inayozidi pauni 6,000, UC inaanza kupungua, na ikizidi 16,000 inakatika. Ruzuku unayoiweka benki bila kuitumia inaweza kukuvusha mstari huo.

Watoto na zamu inayoisha saa moja na nusu usiku

Hili ndilo naona halipewi uzito. Zamu ndefu wodini mara nyingi ni kuanzia saa moja asubuhi hadi saa moja na nusu usiku. Chekechea nyingi hufunga saa kumi na mbili jioni. Ongeza muda wa basi, na una pengo la saa mbili jioni na karibu saa nzima asubuhi. Pesa peke yake haizibi pengo hilo. Inazibwa na mlezi wa nyumbani aliyesajiliwa Ofsted (wakaguzi wa serikali wa elimu na malezi) anayekubali saa za mapema na za jioni, au ndugu.

Lakini ndugu hawezi kulipwa na Childcare Grant. Bibi au shangazi anayekaa na watoto kwa mapenzi tu, asiyesajiliwa, hahesabiwi. Mlezi lazima awe amesajiliwa, na malipo hupitia akaunti ya mtandaoni ya Childcare Grant: mlezi anaomba malipo, wewe unaidhinisha, kisha unamlipa mwenyewe ile asilimia 15 iliyobaki. Kama mlezi hajajiunga na mfumo huo, hakuna malipo. Muulize siku ya kwanza kabla ya kusaini naye.

Huwezi kuchukua Childcare Grant pamoja na msaada wa malezi wa UC wala Tax-Free Childcare, nyongeza ya serikali ya gharama za malezi kwa wazazi wenye kazi. Kwa asiyefanya kazi uchaguzi ni mwepesi, kwa sababu msaada wa malezi wa UC unahitaji uwe na kazi ya mshahara. Mtoto wako wa miaka mitatu ana haki ya saa 15 za bure kwa wiki, wiki 38 kwa mwaka, bila kujali kama unafanya kazi. Zile saa 30 ni za wazazi wenye kazi, na kusoma hakuhesabiwi kuwa kazi. Tumia saa 15 kwanza, grant ilipie zinazobaki. Mkubwa wa miaka saba, klabu ya asubuhi na ya baada ya shule zinalipiwa na grant hiyohiyo kama zimesajiliwa.

Mwandikie mratibu wa mafunzo ya vitendo chuoni mapema, kabla ratiba haijatoka, umwambie unalea peke yako na taja saa unazoweza. Vyuo vina utaratibu wa kuzingatia walezi, ingawa zamu za usiku na za wikendi hutazikwepa zote, maana sharti uzione saa zote 24 za mgonjwa. Nauli ya kwenda kwenye mafunzo, ile inayozidi nauli yako ya kawaida ya chuoni, hurudishwa na NHS Learning Support Fund. Kwa gari ni senti 42 za pauni kwa maili. Tunza tiketi na risiti, dai mara mafunzo yanapoisha.

Council Tax, yaani kodi ya halmashauri ya mtaa: nyumba ambayo mtu mzima pekee ni mwanafunzi wa kutwa haidaiwi kabisa. Chukua hati ya mwanafunzi chuoni, ipeleke halmashauri. Dakika kumi za kazi, na inaokoa zaidi ya pauni elfu moja kwa mwaka katika mitaa mingi.

Suala la riba

Umeuliza kwa dhati, nami nakujibu hivyo. Sitatoa hukumu ya dini, hiyo mwulize mwanachuoni unayemwamini. Nitakueleza mambo ya kipesa unayopaswa kuyajua kabla hujaamua.

Ukiukataa mkopo wa kujikimu, UC itakukata kana kwamba umeuchukua. Kanuni inasema mtu anayeweza kuupata mkopo kwa kuchukua hatua za kawaida anahesabiwa kuwa nao. Wako akina mama waliokataa kwa ajili ya imani yao, wakakatwa zile mia saba kwa mwezi, wakabaki bila mkopo na bila sehemu hiyo ya UC. Juu ya hapo ada ya 9,535 ungepaswa kuitoa mfukoni. Ruzuku za NHS unaweza kuziomba bila kuchukua mkopo, mradi uthibitishe kwamba unastahili msaada wa Student Finance, lakini hazitoshi kuziba pengo hilo. Mfumo mbadala usio na riba serikali ya Uingereza imeuzungumzia tangu 2014, na sheria ya 2017 iliweka nafasi yake, lakini usiuwekee mpango wa Septemba.

Deni lenyewe kwa ukubwa: miaka mitatu ya ada na mkopo wa kujikimu inazidi pauni 63,000 kabla ya riba. Wanaoanza sasa hulipa asilimia 9 ya kipato kinachozidi pauni 25,000 kwa mwaka, na kinachobaki baada ya miaka 40 hufutwa. Nesi mpya wa Band 5, ngazi ya mshahara ya NHS, huanzia pauni 31,049, kwa hiyo angekatwa kama pauni 45 kwa mwezi. Ukipoteza kazi, makato yanasimama.

Kama riba ndiyo inayokuzuia, basi ipo njia nyingine ambayo ningeiweka mezani hata kwa asiye na tatizo na riba: digrii ya uuguzi kwa njia ya uanagenzi. Unaajiriwa na hospitali, unalipwa mshahara, mwajiri analipa ada, unasoma miaka kama minne, na unatoka nesi aliyesajiliwa yuleyule. Hakuna mkopo. UC inakuhesabu kama mfanyakazi: kwa anayelipiwa nyumba na UC, pauni 411 za kwanza za mshahara wa mwezi haziguswi, zinazozidi hukatwa senti 55 kwa kila pauni. Mshahara wa mkononi wa 1,700 unapunguza UC yako kwa 708.95, unabakiwa na 876.81, jumla 2,576.81 kwa mwezi. Hapo ongeza msaada wa malezi wa UC wa asilimia 85 na haki ya saa 30. Utalipa Council Tax, na hupati ruzuku za NHS za wanafunzi. Ukilinganisha na njia ya chuo, pesa za mwezi zinakaribiana, tofauti ni kwamba upande mmoja kuna deni na upande mwingine hakuna.

Ugumu wake ni kuipata. Nafasi ni chache, hutangazwa kwenye NHS Jobs, na hospitali nyingi hupendelea watu ambao tayari ni wahudumu wasaidizi wao. Kwa hiyo wanaofanikiwa huanza na kazi ya msaidizi wodini mwaka mmoja au zaidi. Wengine hupitia nursing associate, kada iliyo kati ya msaidizi na nesi, miaka miwili, kisha humalizia digrii. Kwa mtu ambaye tayari ana nafasi ya chuo mkononi na mtoto anayekaribia kuingia shule, mimi ningechukua nafasi ya chuo kama dhamiri inaruhusu. Kama hairuhusu, uliza chuo kama wataihifadhi nafasi mwaka mmoja wakati unaomba kazi ya usaidizi.

Kwa wasomaji wengine wenye hali tofauti

Makazi ya kudumu na miaka mitatu ya kuishi Uingereza ndiyo njia ya kawaida ya kustahili Student Finance. Mwenye hadhi ya ukimbizi hangoji miaka mitatu. Aliyeko kwa viza ya kazi ya utunzaji, au ya mwenza, kwa kawaida hastahili, na kama viza ina sharti la kutogusa fedha za umma, asiombe UC. Kosa hilo linaweza kuharibu makazi yake ya baadaye.

Mwenye digrii ya nyumbani, iwe ya Nairobi, Dar es Salaam au Kampala, asidhani amezuiwa. Kwa kozi nyingi za digrii ya pili msaada hautolewi, lakini uuguzi, ukunga, tiba ya viungo, radiografia na ndugu zake zimeachiliwa. Shahada ya uzamili ya miaka miwili inayokusajili kuwa nesi nayo hupata msaada wa namna ileile.

Asiye na vyeti vya kuingilia chuo anaweza kusoma Access to Higher Education, kozi ya kumwandaa mtu mzima kwa chuo kikuu; mkopo wa ada ya kozi hiyo hufutwa ukimaliza digrii. Hisabati na Kiingereza za ngazi ya pili (Level 2) husomwa bure na watu wazima wasio nazo. Scotland na Wales ni mfumo mwingine: Scotland nesi mwanafunzi hupewa pauni 10,000 kwa mwaka bila kurudisha na ada hulipiwa, Wales ada hulipiwa kwa ahadi ya kufanya kazi huko miaka miwili baada ya kumaliza.

Sasa kwako, dada, mambo ya mwezi huu. Ombi la Student Finance kama bado hujatuma, na uhakikishe maswali ya benefiti na kulea peke yako umeyajibu. Barua ikija, tafuta maneno special support. Yasipokuwepo, piga simu siku hiyohiyo. Omba kalenda ya mwaka wa kwanza. Tafuta mlezi aliyesajiliwa anayepokea watoto kabla ya saa moja asubuhi, kwani hao hujaa mapema. Na malipo ya kwanza ya mkopo yakiingia, gawa kwa miezi hadi awamu inayofuata, fungu la kila mwezi liweke akaunti ya pembeni lijilipe lenyewe siku moja kabla ya kodi. UC itakuwa imeshuka tangu kipindi cha Septemba, hata kama mkopo umechelewa kufika, kwa hiyo jaribu uingie mwezi huo ukiwa na akiba ya kodi ya mwezi mmoja. Ukikosa, chuo kina mfuko wa dharura. Uombe Septemba hiyohiyo, usingoje Novemba wakati wenzako wote wanapanga foleni.